Mkutubi na Maandishi ya Kiswahili ya Maniema

Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilikifikisha Kiswahili Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kikiwa tayari lugha ya maandishi. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare mwaka 1894. Baadhi ya barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo zama hizo zimehifadhiwa Ubelgiji.

Urithi huo unamdai mkutubi ujuzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kazi yenyewe: kuainisha, kuorodhesha na, siku hizi, kutumia kompyuta na skana. Ujuzi wa pili ni kusoma. Kiarabu hakina herufi ya “p”. Hivyo “pata” na “bata” huweza kuandikwa sawasawa, na msomaji huamua kwa muktadha. Skana haiamui. Jina likisomwa vibaya katika orodha, barua hupotea ingawa imo kabatini. Orodha ya miswada ya Dar es Salaam, aliyoitoa J.W.T. Allen mwaka 1970, isingewezekana bila usomaji huo.

Kwa hiyo, mafunzo ya mitambo hayana budi kuandamana na mafunzo ya herufi hizo. Vinginevyo, picha za barua zaweza kurejea Maniema, lakini wenyeji wasijue zasema nini.