Chuma chenye nguvu hakitoshi kwenye baridi

Wahandisi wanaojenga madaraja na meli katika nchi za baridi hawachagui chuma kwa nguvu zake pekee. Huangalia pia kama kitastahimili pigo bila kupasuka joto linaposhuka.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Usiku wa Januari 16, 1943, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikaribia kukatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha baadaye kuwa chuma cha meli za wakati huo kilikuwa kikikatika kama kioo kikipoa. Tena mabamba yalichomelewa badala ya kufungwa kwa ribiti, hivyo ufa haukuwa na pa kukomea.

Julai 10, 1962, ikawa zamu ya Daraja la King Street mjini Melbourne, Australia, lililofunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Lori la tani 45 lilipopita asubuhi, mihimili yake ilikatika, na kuta zilizokuwa chini zikalizuia daraja lisianguke kabisa. Hakuna aliyekufa. Baridi yenyewe haikuwa ya kutisha, kwani joto lilikuwa juu kidogo ya sifuri.

Chuma hicho kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa na nguvu kuliko cha kawaida, lakini nguvu hiyo ilitokana na kaboni na manganizi nyingi. Chuma cha namna hiyo hukakamaa pembeni mwa mshono unapopoa haraka, na haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa vijiti vya kuchomelea hukipasua. Uchunguzi ulibaini kuwa baadhi ya nyufa zilikuwapo tangu kiwandani.

Siku hizi nguvu hupatikana kwa kaboni kidogo, chembe ndogo za niobi au vanadi, na ufinyanzi wa bamba katika joto linalodhibitiwa. Katika viwango vya Ulaya, alama S355J2 humaanisha chuma kinachoanza kunyumbuka moja kwa moja kwenye mkazo wa megapaskali 355, na kinachomeza jouli 27 za pigo la nyundo ya majaribio kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa baridi kali zaidi hutakiwa herufi NL au ML, ambazo jaribio lake hufanywa kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Bamba likiwa nene, hatari huongezeka.

Hata hivyo, cheti cha kiwandani huhusu bamba, si mshono. Kwa hiyo mafundi huandaa kwanza mshono wa majaribio, nao hupigwa nyundo katika baridi ileile kabla kazi haijaanza.