Ubishi Kwanza, Kalamu Baadaye

Tarehe 16 Oktoba 1599, Thomas Downton, mwigizaji, alipokea paundi 10 kutoka kwa Philip Henslowe, mmiliki wa jumba la maonyesho la Rose jijini London, ili awalipe watunzi wanne: Munday, Drayton, Wilson na Hathway. Daftari la Henslowe linasema fedha hizo zilikuwa malipo ya sehemu ya kwanza ya tamthilia ya maisha ya Sir John Oldcastle, na pia arubuni ya sehemu ya pili. Wanaodhani kwamba mfululizo wa tamthilia ya kihistoria unaoandikwa na kundi ni zao la televisheni wangefaa kulipitia daftari hilo. Linaonyesha hata namna kazi yenyewe ilivyopangwa. Mwaka 1597 Ben Jonson alikopeshwa fedha kwa ajili ya tamthilia ambayo alikuwa amewaonyesha waigizaji msuko wake tu, na mwaka uliofuata George Chapman alilipwa kwa matendo mawili ya tanzia iliyojengwa juu ya msuko wa Jonson. Msuko ulikuwa mali inayojitegemea. Ulikubaliwa kwanza, kisha watu wakagawana matendo, kila mmoja akaenda kuandika lake.

Lakini msuko peke yake hauelezi kwa nini wanne walikaa meza moja kuandika juu ya Oldcastle. Shakespeare, aliyekuwa na kundi pinzani, alikuwa amemtumia mtu huyo kama mlevi mcheshi katika Henry IV, kabla ya jina kubadilishwa kuwa Falstaff. Kwa Waprotestanti wengi Oldcastle, aliyeuawa 1417, alikuwa shahidi wa imani. Tamthilia ya wale wanne ilikuja kumsafisha. Basi hapa ndipo ilipo hoja yangu: kundi la watunzi wa historia haliunganishwi na mapenzi ya enzi fulani, linaunganishwa na pingamizi. Wapenzi wa historia wakikutana watajaza ukuta kwa orodha ya wafalme, vita na mavazi, na bado kipindi cha kwanza hakitaandikika, kwa sababu mapenzi hayamwambii mtu aache nini. Pingamizi humwambia. Anayejua anambishia nani hujua pia tukio lipi linamhusu na lipi ni pambo.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni Mzalendo Kimathi, tamthilia ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliichapisha kwa Kiingereza 1976. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka 1974 Kenneth Watene alikuwa ametoa tamthilia yake kuhusu Kimathi, na humo kiongozi wa msituni anaonekana mtu aliyelemewa na shaka, mwenye kuwatilia mashaka hata watu wake. Nyuma yake kulikuwa na maandiko ya wakoloni wenyewe, kikiwemo kitabu cha Ian Henderson, polisi aliyemwinda. Ngũgĩ na Mũgo waliandika kujibu picha hizo zote mbili, na walifika Karũna-inĩ, kijijini kwa Kimathi, kuwasikiliza waliomjua. Angalia ubishi wao ulivyoamua umbo la kazi. Hawakufuata kesi hatua kwa hatua. Walimweka Kimathi seli, wakamletea mmoja baada ya mwingine wanaokuja kumshawishi asalimu amri: watu wa benki, mfanyabiashara, mwanasiasa, kasisi. Nje ya seli wakamweka Mwanamke asiye na jina, anayebeba bastola ndani ya mkate, pamoja na Mvulana na Msichana anaowatuma kazi asiyoweza kuikamilisha mwenyewe. Swali la kama Kimathi alikuwa shujaa au mhalifu limegeuzwa kuwa swali la nani ataipokea ile bastola. Hayo ni maamuzi ya msuko, na yalihitaji makubaliano kabla ya sentensi ya kwanza. Ndiyo maana mtu akitafuta mahali kalamu ya mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia, mshono hauonekani kirahisi.

Wapo watakaosema kwamba huo ndio ubaya wenyewe: kundi lenye hoja moja huipinda historia. Pingamizi hili lina uzito. Kumbukumbu za kesi halisi, zilizokaa miaka mingi bila kuonekana, zilichapishwa 2017, na zinaonyesha Kimathi akikana shtaka la kupatikana na bastola na kujitetea kwa maneno mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kwenye tamthilia anaulizwa kama ana hatia na anajibu kwa kimya, na jaji amepewa jina la Shaw Henderson, yaani polisi na hakimu wamefanywa mtu mmoja. Watunzi hawakuwa na kumbukumbu hizo, na kumuunganisha polisi na jaji ni tafsiri ya haki ya kikoloni ambayo msomaji anaiona wazi. Hilo silioni kuwa kosa. Linalonisumbua ni jingine: ndani ya tamthilia hiyo wasaliti ni wepesi mno. Walioandika walikuwa wamekwisha kubaliana juu yao, na panapokuwa na makubaliano kamili mhusika hukosa pumzi.

Hapo ndipo mtetezi wa kalamu ya peke yake atakapomtaja mtunzi wa Tanzania, Ebrahim Hussein, na atakuwa na haki. Tamthilia yake Kinjeketile, ya 1969, ina kiongozi wa Maji Maji anayelitilia shaka neno lake mwenyewe, kisha anakataa kulikana mbele ya Wajerumani kwa sababu neno limekwisha kuwa la watu. Sijui kamati ambayo ingeiacha shaka hiyo ibaki. Lakini Hussein aliandika wakati Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikikusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Upweke wake ulikuwa wa kalamu, kwani simulizi zilikuwa zimekwisha kupita midomo mingi inayopingana. Nadhani dawa ya wepesi wa kundi iko hapo hapo: kuwaleta mezani watu ambao hawajakubaliana na watunzi.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walifanya hivyo kuliko wote. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka rasimu ya Ngaahika Ndeenda (kwa Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda) kwa wakulima na vibarua wa kijiji mwaka 1977, nao wakaisahihisha. Wazee walikataa mzee wa jukwaani aongee kama kijana. Sehemu ya nyimbo za gĩtiiro ilitolewa mstari kwa mstari na bibi kizee asiyejua kusoma. Mtu aliyesaidia kutengeneza bunduki za kuigizia alikuwa fundi wa bunduki halisi za Mau Mau miaka ya hamsini. Nani angembishia jinsi mtutu unavyoshikwa? Kisa ni cha Kenya huru, lakini historia iliingia kupitia mikono ya waliokuwepo, nayo haikuwa laini kama inavyokuwa kwa wasomi wawili wanaoelewana.

Jalada la kitabu lina majina mawili, na wachapishaji hawawezi kulaumiwa sana. Mkataba unahitaji mtu wa kuusaini. Serikali ilikuwa na hesabu nyingine. Onyesho lililoanza Oktoba 1977 lilinyang'anywa kibali Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka. Alipoachiliwa 1978, kijiji bado kilikuwa na jukwaa lake la wazi lenye viti 2,000, na kikaendelea kuandaa tamthilia nyingine. Ndipo Machi 1982 polisi walipokuja na malori, safari hii si kumchukua mtunzi, bali kulibomoa jukwaa hilo.