Kufasiri na Kuunda: Istilahi za Msimbo Chanzo

Anayetaka groff, programu huria ya kuumbiza hati, anaweza kuipata kwa njia mbili. Katika kompyuta nyingi za Linux imo tayari, kwa sababu kurasa za mwongozo zinazotokea mtu anapoandika amri ya man mara nyingi hupangwa nayo. Njia ya pili ni kupakua kifurushi cha msimbo chanzo kutoka hazina ya mradi wa GNU, kisha kuiunda mwenyewe. Hii ya pili ndiyo inayotudai maneno. Mafundi wetu wanasema wame-kompaili, na wanaelewana. Lakini mwalimu anayesimama mbele ya darasa akitaka wanafunzi waelewe kinachotendeka ndani ya kitendo hicho anahitaji neno linalobeba maana.

Msimbo chanzo ni maandishi ya mwanadamu. Wa groff uliandikwa na James Clark kwa lugha ya C++, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1990. Unasomeka: una majina na mantiki, tena una maelezo ya pembeni ambayo mwandishi alimwachia msomaji mwenzake. Prosesa ya kompyuta haiwezi kuutekeleza ulivyo. Inachotii ni mfululizo wa amri fupi za namba, na kila aina ya prosesa ina zake. Katikati ya hayo mawili ndipo inapokaa kompaila, programu inayosoma maandishi yote na kuandika upya kila kilichomo kwa lugha ya mashine.

Wapo wanaokiita kitendo hicho kukusanya. Ukiangalia Kiingereza unaona walikolitoa, na kihistoria hawajakosea. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alikuwa na programu aliyoipa jina A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa kwenye utepe, kuvipanga, na kuvifanya programu moja. Huko kulikuwa kukusanya hasa, na jina likafaa. Kompaila zilizofuata ziliacha kazi hiyo zikafanya nyingine kabisa, ila Kiingereza kikabaki na jina la zamani. Sioni sababu ya Kiswahili kurithi jina ambalo kitu chenyewe kimelihama. Mwanafunzi akiambiwa kompaila inakusanya, atauliza inakusanya nini, na jibu la kweli litakuwa kwamba haikusanyi; inafasiri.

Kwa kufasiri lugha yetu imejaaliwa, kwa kuwa inatenga kazi mbili ambazo sayansi ya kompyuta nayo inazitenga. Mfasiri hupokea maandishi yaliyokamilika na kutoa maandishi mengine yaliyokamilika, yanayoweza kusomwa baadaye bila yeye kuwapo. Mkalimani hukaa kati ya wasemaji, akageuza kila neno linapotamkwa, na akiondoka mazungumzo yanakwama. Programu za C++ hupita kwa mfasiri. Za Python, kwa kawaida, huhitaji mkalimani awepo kila zinapoendeshwa. Tofauti inayochukua kurasa kadhaa katika vitabu vya utangulizi inaeleweka kwa Mswahili kabla hajafungua kitabu.

Na groff inaonyesha jambo hilo kwa pande zote mbili. Yenyewe hupita kwa mfasiri mara moja, siku ya kuundwa. Baada ya hapo inageuka mkalimani wa hati zako. Unaandika maandishi ya kawaida, na katikati yake unaweka amri zinazoanza na nukta: .ce kuweka mstari katikati, .sp kuacha nafasi, .ft kubadili fonti. Inazisoma moja baada ya nyingine na kuzitekeleza papo hapo. Mtindo huu wa amri ni wa zamani. Ulianza na programu ya RUNOFF ya Jerome Saltzer huko MIT mwaka 1964, ukafika Bell Labs, na mwaka 1970 Unix, iliyokuwa ikitungwa huko, ilipata kompyuta yake ya PDP-11 kwa ahadi ya kuumbiza hati. Idara ya hataza ndiyo iliyokuwa mteja. Joe Ossanna akaandika troff kwa ajili ya mashine ya kupangia chapa. Alifariki mwaka 1977, na Brian Kernighan akaiandika upya ili isitegemee mashine moja. Hata hivyo ilibaki mali ya AT&T chini ya leseni, na hiyo ndiyo sababu mradi wa GNU ulihitaji yake.

Hapa neno huria linatusaidia kuliko wanavyosaidiwa Waingereza, ambao neno lao moja linabeba bure na huru. Groff ni bure, lakini si kwa sababu hiyo msimbo wake upo wazi. Leseni yake, GPL, inampa kila mtu haki ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, kwa sharti kwamba atakayepokea apewe haki zile zile.

Tuje kwenye kazi. Pamoja na kifurushi kuna faili dogo la sahihi. Lipakue na ulihakiki, usilione ni urasimu. Fungua kifurushi kwa tar, ingia ndani ya saraka, andika ./configure. Amri hiyo haifasiri groff yenyewe. Inaichunguza kompyuta yako: kompaila gani ipo, maktaba zipi zipo, lugha ya Perl ipo au haipo (bila Perl hutapata PDF kwa njia ya gropdf). Kisha make. Hiyo ilitungwa na Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976, nayo husoma orodha inayosema kipi kinategemea kipi, ikaita mfasiri pale tu anapohitajika. Mwisho make install, ambayo ni kusakinisha.

Kwa mchakato huo wote neno lake ni kuunda. Kujenga kunafaa nyumba. Watu wa Pwani wanaunda jahazi: mkuku, mataruma na mbao huchongwa kila kimoja kwa kipimo chake, vikaungwa mpaka chombo kikaelea. Groff nayo ina sehemu nyingi, tbl ya majedwali, eqn ya milinganyo, troff yenyewe, grops ya kutoa PostScript, na kufasiri ni hatua moja tu ya kuziunga.

Mfasiri, lakini, lazima aaminiwe. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alieleza katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, jinsi kompaila inavyoweza kupenyeza ndani ya programu jambo lisiloonekana popote kwenye msimbo chanzo, hata msimbo wa kompaila yenyewe ukiwa safi. Anayeunda mwenyewe anapunguza idadi ya watu anaowaamini, haifikishi sifuri.

Kwetu faida kubwa zaidi ya msimbo ulio wazi iko kwingine. Groff hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kufuata faili la ruwaza la kila lugha. Kuna la Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiswidi, Kicheki, Kiitaliano. La Kiswahili halimo katika toleo la 1.23 la mwaka 2023, na ruwaza za Kiingereza hazijui silabi zetu. Kwa haraka mtu angesema kata baada ya irabu, basi: ki-ta-bu, nyu-mba, ng'o-mbe. Kanuni hiyo ikifika kwenye maneno yenye asili ya Kiarabu inakwama, maana tunasema mak-ta-ba, daf-ta-ri, lab-da. Tena mtu hapaswi kuacha m- peke yake mwishoni mwa mstari, ingawa ni silabi kamili. Ruwaza za groff zinafuata mbinu ya Frank Liang, iliyotungwa Stanford kwa ajili ya TeX, programu ya kupanga chapa ya Donald Knuth, kwa hiyo faili moja likiandikwa vizuri litatumika pande zote mbili. Halihitaji kufasiriwa: groff hulisoma kwa amri ya .hpf inapoendeshwa. Halihitaji hata mjuzi wa C++. Linahitaji mwanaisimu mwenye subira, na orodha ndefu ya maneno yaliyokatwa sawasawa, maneno ya mkopo yakitangulia.