Istilahi Zilizotoka Jikoni

Mtumishi wa umma wa Tanzania anayesafiri kikazi huchukua masurufu. Ni fedha za matumizi ya safari, na akirudi hutakiwa kuzirejesha kwa kuonyesha risiti. Neno hili limekaa vizuri katika vitabu vya uhasibu na taarifa za wakaguzi. Lakini kabla ya kuingia ofisini lilikuwa neno la nyumbani, likitaja mahitaji ya msafiri, na chakula kikiwa cha kwanza.

Mimi nililisikia kwa bibi. Usiku wa kuamkia safari alikuwa akikaanga mihogo, akachemsha mayai, akasukuma chapati na kuzifunga katika kitambaa safi, kisha akasema masurufu yapo tayari. Ndani ya basi ilikuwapo desturi ambayo hadi leo naipenda: ukifungua chakula chako, sharti umkaribishe jirani wa kiti hata kama hujui jina lake. Naye hujibu, "Ahsante, starehe," au humega kidogo ili asikuvunje moyo. Masurufu yalifungwa kwa ajili ya mmoja, lakini hayakuliwa kwa kificho.

Kiporo nacho kimesafiri. Wali uliolala, ukapashwa moto asubuhi na kuliwa kwa chai, umewapa waandishi wa michezo wa Tanzania istilahi ambayo haihitaji maelezo. Simba au Yanga ikiwa na mechi za kimataifa, mchezo wake wa ligi husogezwa mbele, na timu hiyo husemwa ina kiporo. Neno limebeba habari yote: chakula ni chako, hukukila jana, kipo kinakungoja, nawe huna budi kukila kabla hakijachacha.

Takrima ilipata safari ngumu zaidi. Asili yake ni ukarimu kwa mgeni: sinia linalotangulizwa mbele yake kabla hajaulizwa amekuja na shida gani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikaruhusu takrima ya mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kwa miaka hiyo neno lenye heshima lilitumika kuisitiri rushwa, na hadi leo wapo wanaolisikia kwa mashaka. Naona hilo ni dhuluma kwa neno. Mwenye nyumba anayekirimu hadai malipo. Mgombea anayegawa pilau anataka kura. Mambo haya mawili hayakustahili jina moja.

Sasa tazama maneno chamcha na chajio, yaliyoundwa kwa kukata na kuunga silabi za chakula cha mchana na chakula cha jioni. Yamo vitabuni, na wanafunzi wengi wa Kenya wameyasoma. Hata hivyo, saa saba ikifika, watu wengi bado husema chakula cha mchana. Kifungua kinywa, au kiamshakinywa kama wasemavyo Kenya, hakikupata taabu hiyo. Kinataja tendo ambalo kila mtu hulifanya asubuhi, kwa hiyo anayelisikia neno hilo mara ya kwanza hulielewa papo hapo. Silabi zilizokatwa hazina tendo wala picha; lazima mtu afundishwe, na asipofundishwa husahau.

Kwa hiyo anayetafuta jina la jambo jipya, awe mwanasheria, mhasibu au mtaalamu wa kompyuta, awaulize kwanza wanaopika, wanaofungasha na wanaopokea wageni. Lugha yao ina maneno ya kuweka akiba, kuahirisha, kugawana na kurudisha, na hayo ndiyo mambo ambayo ofisi na mitambo hufanya kila siku. Akishalipata neno, alitunze pamoja na adabu yake, kwa sababu tukilitumia vibaya, waliotupa ndio watakaoona haya kulitamka.