Fungate ya Kaskazini, na Safari ya Selim

Wewe na mumeo mtarajiwa mnataka fungate ya kaskazini ya mbali, mkaone misitu na dubu? Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Muislamu wa Komoro, alifika Urusi na Siberia. Hakwenda kustarehe, alikuwa mtumishi wa Mjerumani, Bumiller. Masimulizi yake ya Kiswahili yalichapishwa 1901 na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na ofisi zake Kivukoni, Dar es Salaam.

Kule, wakati wa kiangazi, usiku ni mfupi mno: Isha na Alfajiri hukaribiana. Kabla ya kukata tiketi, muulizeni shekhe habari ya nyakati za sala. Selim alifuata ratiba ya bwana wake. Nyinyi ratiba ni yenu; anzeni na sala.