Hubiri na Habari ni Ndugu

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kusini inayofuata ufuko wa Ziwa Tanganyika, baada ya kilomita kumi na mbili hivi unafika Mugere. Hapo pana jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wasafiri hao wawili walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi, wakitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwa macho yao kwamba unaingia.

Mimi nikiliona jiwe lile huwaza karatasi. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwezi Mei 1873. Miongoni mwa vitu alivyoacha ilikutwa nakala iliyochapishwa ya hubiri moja la Charles Haddon Spurgeon, mchungaji wa Kibatisti wa London. Hubiri hilo lilitolewa Septemba 1861, baada ya ajali za treni zilizoua watu Uingereza. Spurgeon alikanusha kwamba wanaokufa ajalini wameadhibiwa na Mungu kwa kuwa waovu kuliko waliosalimika. Livingstone aliandika juu yake, kwa mkono wake, kwamba ni zuri sana, akatia herufi za kwanza za majina yake. Baadaye binti yake alimpelekea Spurgeon nakala ile.

Nimesema "hubiri moja", na huenda msomaji amesita hapo. Tumezoea mahubiri, kwa wingi, kama tunavyosema maji au maziwa. Nitarudi kwenye umoja huo. Kwanza tulitazame neno lenyewe.

Hubiri ni la ukoo wa Kiarabu, mzizi wa kh-b-r, mzizi uleule uliotupa habari. Hotuba nayo inatoka mzizi mwingine, kh-t-b, uliotupa pia hatibu, yule anayehutubu. Midomo yetu iliilainisha kh ya kwanza ikawa h, na sasa hotuba na hubiri zinasikika kama watoto wa mama mmoja. Sivyo. Ndugu wa hubiri ni habari, ile tunayoulizana kila asubuhi kabla ya jambo lingine lolote.

Pita Buyenzi siku ya Ijumaa, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, usikilize jinsi watu wanavyoyatenga maneno haya bila kufundishwa. Imamu akipanda mimbari, anayotoa ni hotuba. Ina wakati wake, mahali pake na utaratibu wake. Shehe akizungumza na waombolezaji msibani, hayo ni mawaidha. Njoo sasa Jumapili kwa Wakristo wa mji huohuo. Wengi wao hufikiri kwa Kirundi, na Kirundi huita maneno ya madhabahuni inyigisho, kutoka kwigisha, yaani kufundisha. Kwa hiyo katika Kiswahili chao utasikia mara nyingi kwamba pasta ametoa mafundisho.

Kila neno kati ya haya lina picha ya msikilizaji ndani yake. Hotuba humwona kama mmoja wa mkutano. Mawaidha humwona kama mtu ambaye moyo wake unahitaji kuamshwa. Mafundisho humwona kama mwanafunzi. Hubiri humwona kama mtu ambaye kuna jambo limetokea na yeye bado hajaambiwa. Mhubiri, kwa mujibu wa neno lake, ni mleta habari. Akishuka bila habari, amehutubu tu.

Spurgeon mwenyewe aliongoka kwa njia hiyo. Januari 1850, akiwa na miaka 15, theluji ilimzuia kufika alikokuwa akienda, akaingia kanisa dogo la Wamethodisti mjini Colchester. Aliyesimama mbele hakuwa msomi, na alivyosimulia Spurgeon, hakuwa na mengi ya kusema zaidi ya kulirudia andiko lake, Isaya 45:22, na kuwasihi watu watazame wapate kuokolewa. Kama fundisho, maneno yale yalikuwa machache mno. Kama habari, yalitosha. Miaka minne baadaye kijana yule alikuwa mchungaji London, na mwaka 1861 kanisa lake likafungua jumba lililoweza kuchukua watu 6,000 hivi.

Turudi kwenye umoja. Kuanzia Januari 1855 mahubiri ya Spurgeon yalichapishwa kila wiki, kila moja peke yake, kwa bei ya peni moja, na kila moja likapewa namba. Lile la Livingstone ni namba 408. Namba hizo zilipita 3,500. Hapo ndipo mazoea yetu yanapokwama, kwa sababu namba 408 haiwezi kuwa mahubiri. Lazima iwe hubiri. Wako wanaokataa wakisema hubiri ni amri, kama kusema "Hubiri!" kwa mtu aliyesimama mbele. Lakini "Jibu!" nayo ni amri, na jibu ni jina la kitu, wingi wake majibu. Dai na madai vivyo hivyo, kosa na makosa pia. Sarufi haina kizuizi. Tumekosa umoja kwa sababu hatujazoea kulishika hubiri moja mkononi, kulipa namba na kulihifadhi. Neno halikui pale ambapo kitu chake hakipo.

Jinsi hubiri la London lilivyogeuka karatasi pia ni somo la istilahi. Spurgeon alipanda jukwaani na muhtasari tu, kijikaratasi chenye vichwa vya hoja. Alipokuwa akisema, waandishi wa hatimkato waliyanasa maneno yake. Jumatatu aliletewa maandishi, akayasahihisha kwa kalamu, na wiki hiyohiyo nakala zikauzwa, takriban 25,000. Mwisho wa mwaka ziliunganishwa kuwa juzuu. Muhtasari, hatimkato, juzuu: Kiswahili kina maneno yote ya kazi hii. Tena juzuu analijua kila mtoto wa Buyenzi aliyekaa madrasa, kwa sababu Kurani aliisoma kwa juzuu. Juzuu za Spurgeon zilifika 63. Alifariki Menton, Ufaransa, tarehe 31 Januari 1892, na mahubiri mapya kutoka kwenye maandishi yale yaliendelea kutoka kila wiki hadi Mei 1917, uhaba wa karatasi wakati wa vita ulipoyasimamisha. Kwa miaka 25 marehemu aliendelea kuleta habari.

Habari iliyochapishwa huwafikia hata wasioitaka. Spurgeon alipolaani utumwa waziwazi, mwaka 1860 vitabu vyake vilichomwa moto kusini mwa Marekani. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili, ambako misafara iliyopitia Ujiji ilichukua watu wakiwa wamefungwa, tunaelewa kwa nini karatasi ile ilitisha.

Kuna neno jingine ambalo Kiswahili kililitengeneza vizuri kuliko tunavyojua. Spurgeon hakupenda kuitwa kwa cheo cha makasisi cha Kiingereza chenye maana ya mtu wa kuheshimiwa. Alitaka aitwe kwa kazi yake, kulisha kundi. Kwa Kiswahili mzozo huo hauwezi hata kuanza. Kifupi cha Mch. tunachoweka mbele ya jina hubeba cheo na kazi pamoja, na ndani yake mna kuchunga tu. Hapa Burundi, nchi ya ng'ombe, kila mtu anajua umwungere, yaani mchungaji kwa Kirundi, ni nani: anayelala akijua hesabu ya mifugo yake. Heshima haimo katika neno lile. Humfuata mchungaji baadaye, akiistahili.

Neno batiza ndilo lililotushinda. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kuchovya au kuzamisha. Lilikuja kwetu likiwa limefungwa, bila kuonyesha maji ni kiasi gani, na hapo ndipo Wabatisti walipotofautiana na wengine. Spurgeon alizamishwa katika Mto Lark tarehe 3 Mei 1850. Wabatisti wa Denmark waliofika Musema, katika milima ya Kayanza, mwaka 1928, walikuja na imani hiyohiyo. Waumini wa Afrika Mashariki waliona neno halijitoshelezi, wakaongeza: ubatizo wa maji mengi. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Watu walilifungua neno kwa kivumishi kimoja, na maana ikatoka.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wachungaji na makatibu wa makanisa ya Kamenge, Musaga, Bwiza na Kinama, mitaa ya Bujumbura. Kila Jumapili maneno mazito husemwa huko kwa Kirundi na Kiswahili, na kufikia Jumatatu yamebaki katika kumbukumbu za waliokuwapo. Mpeni kijana mwenye mwandiko mzuri daftari na kalamu. Ayaandike, mchungaji ayasahihishe, yapewe namba. Livingstone alibeba karatasi iliyotoka London akaipeleka hadi ndani ya Afrika, kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuketi Jumatatu na kusahihisha. Habari ya hapa kwetu nayo inastahili kusafiri. Jumapili ijayo, juu ya ukurasa wa kwanza, andikeni: Hubiri, namba 1.