Sungura Ndiye Aliyeleta Uniti za Sindano

Wadau, ile mistari kwenye bomba la sindano ya insulini mnajua ilianzia wapi? Kwa sungura. Siyo utani.

Januari 1922, Toronto, Kanada. Dogo wa miaka 14 yuko hoi na kisukari, kabaki mifupa. Madaktari wakamchoma maji ya kongosho la ng'ombe, mazito, rangi ya kahawia. Yalikuwa machafu bwana, dogo akaota jipu. Siku 12 baadaye akachomwa yaliyosafishwa na mkemia James Collip, sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 mingine.

Ishu ikabaki kipimo. Mililita ya leo ilikuwa kali kuliko ya jana. Ndo wakamtumia sungura mwenye njaa: kiasi kinachomshusha sukari mpaka hatua ya degedege wakakiita uniti (siyo zile za Luku!).

Baadaye zikaja chupa za uniti 40 kwa mililita, 80, kisha 100, kila moja na bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40, umejichoma mara mbili na nusu. Hapo watu walikuwa wanazima kabisa.

Sasa kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, ana kichupa cha unga wa kupunguza mwili kilichoandikwa "kwa utafiti tu". Anamwagia maji kwa kukisia, halafu anavuta "uniti 10" kwa bomba la insulini. Dada, kwa unga wako hiyo ni sehemu ya kumi ya mililita, basi! Ukiweka maji nusu, dozi imekuwa mara mbili na mstari haujasogea.

Na huo unga nani aliupima? Yale ya Toronto angalau yalipitia kwa sungura.